Shajara ya tenki la maji la shule: mchanga wa korongo juu ya machekeche

12 Septemba

Kazi ni tenki la zege la kuhifadhia maji ya mvua katika shule ya msingi, nje ya mji wa Dodoma. Kipenyo cha ndani mita 6, kimo cha maji mita 2.5, karibu lita 70,000. Shimo limechimbwa, nondo za sakafu zinafungwa, kokoto za milimita 20 zimeshamwagwa. Kabla ya kupiga zege lolote tunataka tuwe tumeujua mchanga wetu, na shajara hii itakaa zaidi hapo.

Zege la tenki lina masharti mawili kwa pamoja: libebe mzigo, na lisipitishe maji. Sharti la pili ndilo gumu. Penye uwazi baina ya chembe ambao saruji haikuujaza, maji yatapata njia, na baada ya maji kutu itaifuata nondo.

Tuna mchanga wa aina mbili. Wa kwanza unatoka kwenye korongo, mto wa msimu unaojaa mvua zikinyesha na kubaki mkavu sehemu kubwa ya mwaka. Ni mchanga uliozaliwa na mawe ya itale ya vilima vya huku: chembe nene, zenye kona, nyeupe na waridi hafifu. Wa pili ni wa shimo, mwekundu kidogo, laini, na bei yake ni nafuu kwa sababu mafundi hawaupendi kwa zege. Wanautumia kwa lipu.

Fundi mkuu aliuchota wa korongo, akausugua katikati ya viganja, akaniita. "Mhandisi, njoo uone. Mchanga huu hauna udongo, mkono umebaki safi." Nikamwambia, "Ni kweli, Mzee, na kipimo cha tope nadhani kitasema kama wewe. Lakini hebu tuone ukubwa wa chembe zake unavyopishana." Kiganja chake kina miaka mingi ya kazi na ninakiamini kwa jambo la udongo. Mpangilio wa chembe ni swali jingine, na hilo kiganja hakiwezi kulijibu.

14 Septemba

Kuchukua sampuli. Hii ndiyo hatua ambayo watu huipita mbio, kisha wanahangaika na desimali za mizani. Lori likimwaga mchanga, chembe nene huviringika hadi chini ya lundo na zile laini hubaki juu na katikati. Anayechota kwenye ukingo wa chini atapima mchanga ambao haupo. Tumechota sehemu nyingi za lundo, kila mahali tukiondoa kwanza tabaka la juu lililokaushwa na upepo, mpaka tukapata zaidi ya kilo 20 kwa kila aina.

Kupunguza sampuli tumefanya juu ya turubai: unachanganya, unarundika kama koni, unabonyeza juu liwe duara bapa, unaligawa mara nne, unatupa robo mbili zinazokabiliana, unachanganya tena zilizobaki. Unarudia hadi ubaki na kilo moja hivi. Mchanga uwe na unyevu kidogo wakati huo, maana ukiwa mkavu kabisa vumbi lake hujitenga na kubaki kwenye turubai.

Oveni hatuna hapa kambini. Tunakausha kwenye sufuria pana juu ya jiko la gesi, moto mdogo, tukikoroga. Kujua umekauka, tunashika kipande cha kioo juu ya sufuria: kikipata ukungu bado, kisipopata, tunapima uzito, tunarudisha motoni, tunapima tena hadi uzito usibadilike.

16 Septemba

Matokeo ya kwanza. Michoro yetu inataja viwango vya Uingereza, BS 882 kwa mchanga na kokoto na BS 8007 kwa matenki. Ulaya walishahamia kiwango cha EN 12620, lakini mkataba ndio mkataba. Pembeni nalinganisha na ASTM C33 ya Marekani, kwa sababu ni kali zaidi na inaonyesha udhaifu ambao BS 882 huuruhusu.

Machekeche yetu ni ya kipenyo cha milimita 200, matundu yakipungua karibu nusu kila ngazi: milimita 5, 2.36, 1.18, kisha maikroni 600, 300 na 150 (maikroni 1,000 ni milimita moja), na sinia chini kabisa. Kila sampuli ilikuwa gramu 500 kavu. Kwanza tuliiosha juu ya chekeche la maikroni 75, tukaikausha tena, ndipo tukaichekecha. Kuosha si hiari kwa mchanga kama huu wa shimo; udongo hugandamana na chembe, na ukichekecha kikavu tu unahesabu vumbi kama mchanga.

Asilimia inayopita, mchanga wa korongo kwanza, wa shimo pili:

5 mm: 91.8 na 100
2.36 mm: 74.0 na 99.2
1.18 mm: 47.2 na 97.0
600 maikroni: 22.0 na 88.0
300 maikroni: 6.8 na 54.4
150 maikroni: 1.6 na 10.2

Jumla ya vipande vyote baada ya kuchekecha, pamoja na vumbi lililooshwa, ilikuwa gramu 499 kwa kila sampuli. ASTM inaruhusu tofauti ya asilimia 0.3 tu, kwa hiyo 0.2 inakubalika. Mchanga wa shimo ulibakiza gramu 221 kwenye chekeche la maikroni 150. Kwa chekeche la ukubwa huu mzigo usizidi takriban gramu 200, ukizidi chembe hufunikana na zile ambazo zingepita hukosa tundu. Sampuli hiyo iligawanywa, ikachekechwa kwa mafungu, kisha uzito ukajumlishwa.

Sasa maana yake. Mchanga wa korongo unaingia kwenye kundi C la BS 882, kundi la mchanga mnene, ambalo pale kwenye maikroni 600 linataka kati ya asilimia 15 na 54. Mtu angeweza kuandika "umefaulu" na kuendelea. Lakini tazama chini: asilimia 6.8 tu inapita maikroni 300, na BS 882 inaanzia 5. Chembe za kujaza mapengo ya mwisho karibu hazipo. Kwa ASTM unaanguka: inataka angalau asilimia 80 ipite 2.36, sisi tuna 74. Inataka 50 ipite 1.18, sisi tuna 47.2.

Mchanga wa shimo unaingia kundi F, la mchanga laini. ASTM inakataza zaidi ya asilimia 45 kubaki kati ya chekeche moja na linalofuata. Huu umebakiza 44.2 kati ya 300 na 150. Karibu nusu ya mchanga ni chembe za saizi moja.

Nimekokotoa pia namba ya ulaini, ile aliyoipendekeza Duff Abrams wa Lewis Institute, Chicago, mwaka 1918: unajumlisha asilimia zilizobaki kwa jumla kwenye kila chekeche, unagawa kwa 100. Korongo imetoa 3.57, shimo 1.51. ASTM inataka kati ya 2.3 na 3.1. Namba hii naipenda kwa kufuatilia mchanga wa chanzo kimoja siku hadi siku, lakini haitoshi peke yake. Michanga miwili yenye namba moja inaweza kuwa na mistari tofauti kabisa kwenye grafu, kwa hiyo grafu ninachora kila mara.

17 Septemba

Tope. Tumetumia silinda ya mililita 250: maji ya chumvi ya asilimia 1 hadi mililita 50, mchanga hadi alama ya 100, maji hayo tena hadi 150, tikisa kwa nguvu, acha saa tatu. Kwa kipimo hiki cha kambini tabaka la tope lisizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga. Korongo: 2. Fundi mkuu alikuwa sahihi. Shimo, tabaka la juu: 11, umekataliwa. Shimo, mchanga wa chini ya mita moja hivi: 5, unakubalika. Sampuli ya shimo iliyochekechwa jana ni hiyo ya chini, na kuosha kulitoa asilimia 3.1 kwa uzito, ilhali BS 882 inaruhusu hadi 4 kwa mchanga wa asili. Mwenye shimo ameambiwa: tabaka la juu lisogezwe pembeni kwanza, na lori lisipakiwe kabla mtu wetu hajaona.

19 Septemba

Michanga miwili, kila mmoja una upungufu ambao mwenzake anauziba. Nimejaribu uwiano mbalimbali kwenye karatasi. Kwa uzito, 60 ya korongo kwa 40 ya shimo inatoa hivi: 95.1 inapita milimita 5, kisha 84.1, 67.1, 48.4, 25.8 na 5.0. Namba ya ulaini 2.74. Inakaa ndani ya kundi M la BS 882, la mchanga wa kati, na ndani ya mipaka yote ya ASTM C33.

Vijana wa saidia fundi waliuliza kwa nini tunachafua mchanga mzuri kwa mchanga wa lipu. Swali la haki, na jibu la karatasi lisingewatosha. Tukachukua ndoo ya lita 10, tukaijaza mchanga mkavu kwa kushindilia kwa tabaka, tukapima. Korongo peke yake: kilo 16.2. Shimo peke yake: kilo 14.8. Mchanganyiko: kilo 17.6. Ndoo ile ile. Uzito mahususi wa chembe hizi, yaani uzito wake ukilinganishwa na maji ya ujazo ule ule, ni karibu 2.65, kwa hiyo ndoo iliyojaa jiwe tupu ingekuwa kilo 26.5. Maana yake ndoo ya korongo ina uwazi wa asilimia 39, ya shimo 44, ya mchanganyiko 34. Uwazi huo wote kwenye zege unajazwa na saruji na maji. Kijana mmoja akasema, "Kumbe tunanunua saruji ya kujaza hewa." Nikaandika maneno yake ubaoni.

23 Septemba

Nililopaswa kuliandika mapema: korongo hili si shimo la mchanga tu. Wakati wa kiangazi kina mama wanachimba visima vifupi ndani ya mchanga wake na kupata maji yaliyohifadhiwa huko tangu masika. Chembe hizo hizo zinazotupa zege ndizo zinazoyashika maji na kuyakinga jua. Mchanga ukiondolewa mpaka mwambani, maji hayana pa kukaa. Mwenyekiti wa kitongoji ametuonyesha sehemu ya chini zaidi, mbali na visima na mbali na kivuko, na sharti kwamba tusichimbe chini ya kina alichoonyesha kwa fimbo. Tunajenga tenki ili watoto wapate maji. Hatuwezi kulijenga kwa kukausha visima vya mama zao. Kwamba asilimia 40 ya mchanga wetu sasa inatoka shimoni, mbali na korongo, ni faida ambayo hakuna chekeche lililoionyesha.

30 Septemba

Zege la majaribio. BS 8007 inataka daraja la C35A (nguvu ya 35 N/mm² kwa siku 28), maji kwa saruji yasizidi 0.55, na saruji isipungue kilo 325 kwa mita ya ujazo. Tumechagua 0.50. Kwa utaratibu wa Kiingereza wa kupanga mchanganyiko, kokoto za kupondwa pamoja na mchanga usiopondwa, slampu (kiasi zege bichi linavyoshuka koni yake ikiinuliwa) ya milimita 30 hadi 60, maji ni kama lita 190, hivyo saruji kilo 380. Sehemu ya mchanga inatafutwa kwenye grafu kwa kutumia asilimia inayopita maikroni 600. Chekeche moja linaamua hesabu nzima! Kwa 48.4 yetu, mchanga ni karibu asilimia 35 ya mchanga na kokoto zote. Kwa mfuko mmoja wa kilo 50: korongo kilo 50, shimo kilo 34, kokoto kilo 157, maji lita 25 ukitoa yaliyomo mchangani.

Kwa kulinganisha tulipiga pia zege la mchanga wa korongo pekee, sehemu ya mchanga ikiongezwa kama grafu inavyotaka. Slampu ilisoma 40, namba ya kupendeza, lakini koni iliporomoka upande mmoja, kokoto zikabaki zimesimama uchi, na baada ya nusu saa maji yalikuwa yamepanda juu ya karai. Zege la namna hiyo ukutani lingeacha masega, matundu kama ya sega la nyuki, nyuma ya mbao na vijia vya maji chini ya kila nondo ya mlalo. La mchanganyiko lilisoma 55, likashuka sawasawa pande zote, mwiko ukipita juu lilifunga. Fundi mkuu alilikandamiza kwa kiatu na kusema neno moja: "Hili."

6 Oktoba

Swali la kupima kwa ndoo limerudi. Tatu kwa mbili ni rahisi kukumbuka na wote wanaipenda. Ndiyo maana tulijaribu kuvimba kwa mchanga mbichi. Chombo kilichonyooka, mchanga wenye unyevu kimo cha milimita 200, kisha tunaufurika maji na kuuacha utulie. Wa korongo ulishuka hadi 178, wa shimo hadi 154. Yaani unyevu unauvimbisha wa kwanza asilimia 12 na wa pili asilimia 30. Ukipima kwa ndoo, ule laini, ambao ndio dawa yetu, ndio unaopungua zaidi, na siku jua likiukausha unarudi. Ratio inayobadilika na hali ya hewa si ratio.

Tumeleta mizani ya jukwaa ya kilo 100. Kila asubuhi sufuria ya unyevu inapita kwanza: korongo likiwa na asilimia 3 na shimo 5, tunatoa kama lita 3 kwenye zile 25 na kuongeza mchanga kwa uzito huo huo.

20 Oktoba

Sakafu imepigwa. Magunia mabichi juu yake, yanamwagiwa asubuhi na jioni.

27 Oktoba

Kyubu (michemraba ya zege inayovunjwa kupima nguvu) za siku 7: wastani 33 N/mm².

17 Novemba

Kyubu za siku 28 za sakafu: 45. Ukuta, nusu ya chini, umepigwa wiki iliyopita; mbao zimefunguliwa, hakuna sega hata moja. Nimepita na tochi mzunguko mzima.

3 Desemba

Mvua zimeanza mwishoni mwa Novemba na korongo limeshuka maji mara mbili. Lori limekuja leo na dereva anasema mchanga ni ule ule, mahali ni pale pale. Mahali ndiyo, mchanga sio. Mafuriko yanaondoa tabaka la zamani na kulaza jipya, na maji yanayopungua nguvu huangusha kwanza mnene, kisha laini, na mwisho tope juu kabisa. Silinda imeonyesha tope asilimia 12 kwenye ngozi ya juu. Lori limerudishwa, na dereva amelipwa mafuta ya safari kwa sababu yeye hakukosea. Lori la pili lilipakiwa baada ya kukwangua ngozi hiyo: tope 4.

Machekeche ya mchanga mpya: 96.0, 84.4, 62.0, 35.6, 13.6, 4.4. Namba ya ulaini 3.04. Ni mchanga bora kuliko wa Septemba, na kwa ASTM unafaulu peke yake. Hapa ndipo ninapotaka wanaofuata kazi kama hii wasimame kidogo. Mchanga umekuwa bora, lakini tungeendelea na 60 kwa 40 zege lingeharibika: asilimia 56.6 ingepita maikroni 600, chembe laini zingenywa maji, slampu ingeanguka, na mtu angeongeza maji kwa bomba ili kazi iende. Mpangilio mpya ni 80 kwa 20, ambao unatoa 46.1 kwenye maikroni 600, 21.8 kwenye 300, na namba ya ulaini 2.73. Karibu sawasawa na ule wa awali. Kwa mfuko: korongo kilo 67, shimo kilo 17. Kokoto na maji hayakuguswa. Slampu ya majaribio 50.

Ubao wa vipimo umefutwa na kuandikwa upya kwa rangi nyekundu ili asiwepo wa kusoma kwa mazoea.

9 Desemba

Nusu ya juu ya ukuta. Sampuli ya mchanga ilichukuliwa kwa kila lori, sio kila wiki kama mwanzo, na hivyo ndivyo itakavyokuwa muda wote wa mvua.

22 Desemba

Slabu ya juu imepigwa, tundu la kuingilia limeachwa. Kazi imesimama kwa sikukuu. Mlinzi ameachiwa ratiba ya kumwagilia.

8 Januari

Kyubu za siku 28 za ukuta wa juu: 46. Mchanga tofauti, uwiano tofauti, matokeo yale yale.

24 Februari

Kipimo cha kuvuja. Tenki lilijazwa kwa maji ya paa na boza, likaachwa siku 21 zege linywe linachotaka. Kisha bomba la mfereji wa paa likazibwa, mfuniko ukafungwa, na kimo kikasomwa kwa siku 7. BS 8007 inaruhusu kushuka sehemu 1 ya 500 ya kimo cha maji, kwetu milimita 5. Tumeshuka 2. Ukuta wa nje ni mkavu pande zote, pamoja na kwenye kiungio cha zege la Novemba na la Desemba, mahali nilipokuwa nikipaangalia zaidi ya pengine popote.

Sampuli zilizobaki, kilo mbili mbili za kila chanzo, zimefungwa kwenye mifuko yenye tarehe na mahali zilipochotwa, zimekabidhiwa ofisi ya shule pamoja na grafu zake. Kijiji kina mpango wa madarasa mawili mwaka huu, na atakayepiga zege lake ataanza na mchanga wa masika hii, ambao bado haujachekechwa.